Tumbo, figo na uzazi: maswali yanayojirudia kuhusu nini kiko wapi na kinafanya kazi gani

Haya maswali nimeyakusanya kwa sababu yanarudi yale yale, leo anauliza kijana, kesho mama mtu mzima, na wote wanauliza kwa sauti ya chini kama wanaiba. Nimetumia majina yenyewe ya viungo, uke, uume, korodani, mkundu, maana ukishaanza kusema "huku chini" hata daktari inabidi abahatishe. Majibu ni ya kuelewa mwili unavofanya kazi, sio ya kujipa dawa. Dalili za kukimbilia hospitali nimeziweka ndani ya swali linalohusika.

## Tuanze na neno lenyewe

Nikisema "naumwa tumbo" si inatosha?

Haitoshi kabisa. Kiswahili neno tumbo limebeba vitu vingi mno: ni eneo lote kuanzia chini ya mbavu mpaka kwenye nyonga, ni ule mfuko unaopokea chakula, ni utumbo, na mwanamke akisema tumbo wakati mwingine anamaanisha kizazi. Ndo maana cha kwanza daktari atakwambia weka kidole panapouma.

Juu katikati kuna mfuko wa chakula na nyuma yake kongosho. Juu kulia, chini ya mbavu, kuna ini na kifuko cha nyongo, juu kushoto kuna bandama. Kuzunguka kitovu ni utumbo mwembamba umejikunja kunja, na utumbo mpana umeuzunguka kama fremu. Chini kulia kuna kidole tumbo. Chini katikati, juu tu ya mfupa wa kinena, kuna kibofu cha mkojo, na kwa mwanamke nyuma ya kibofu kuna kizazi, na ovari, yaani kiungo kinachotunza mayai, moja kila upande. Figo hazipo huko mbele, zipo nyuma mgongoni.

Lakini maumivu nayo yanahama, sio kila panapouma ndo penye shida, angalia swali la kidole tumbo hapo chini.

Chembe ya moyo ndo moyo?

Hapana. Chembe ya moyo ni lile bonde laini chini ya mfupa wa kifua pale mbavu zinapoachana, na nyuma yake kuna mfuko wa chakula. Mtu akisema chembe inachoma, mara nyingi anaongelea asidi. Ila jina halijakosea sana, maana shambulio la moyo nalo linaweza kuuma hapo hapo, kwa hiyo kama maumivu yamekuja na jasho jembamba, pumzi kubana, au yanapanda kwenye taya na mkono, usikae unasubiri kiungulia kiishe, nenda hospitali sasa hivi.

Maji ninayokunywa yanaenda moja kwa moja kwenye kibofu?

Watu wengi wanaamini kuna bomba linatoka tumboni kwenda kwenye kibofu. Halipo. Maji yanapita njia ile ile ya chakula, yanafyonzwa kwenye utumbo, hasa ule mwembamba, yanaingia kwenye damu, damu inazunguka mwili mzima, na figo ndo zinachuja kilichozidi. Yaani mkojo wako umetoka kwenye damu, haujawahi kuwa jirani na kinyesi.

Njia ya chakula ni bomba moja lililo wazi pande mbili, mdomoni na mkundu. Njia ya mkojo inaanzia kwenye figo. Mfumo wa uzazi ni wa tatu, kwa mwanaume unatumia tundu moja na mkojo, kwa mwanamke una tundu lake (soma swali la matundu).

## Njia ya chakula

Chakula kinachukua muda gani mpaka kitoke?

Kwenye umio, lile bomba la kama sentimita 25 kutoka kooni, kinapita kwa sekunde chache, na hakidondoki tu kwa uzito wake, misuli inakisukuma kwa mawimbi, ndo maana hata ukimeza umelala kinafika. Kwenye mfuko wa chakula kinakaa kama saa 2 hadi 4, chenye mafuta mengi kinachelewa zaidi. Utumbo mwembamba saa kadhaa nyingine. Utumbo mpana ndo mzito, unaweza kukaa nacho siku nzima au zaidi. Ukijumlisha yote ni siku 1 hadi 3, na hiyo ni kawaida.

Mbona mimi nikila tu naenda chooni, chakula hakikai?

Kinakaa. Kinachotoka ni cha jana au juzi. Mfuko wa chakula ukitanuka unatuma ujumbe kwa utumbo mpana kwamba mzigo mpya umeingia, songa mbele, na utumbo mpana unasukuma cha zamani. Kwa watoto wachanga hiyo inaonekana vizuri sana, ananyonya huku anajaza nepi. Ikiwa ni choo cha kawaida haina neno, ikiwa ni kuhara kila ukila kwa wiki kadhaa, hapo nenda ukapimwe.

Kutafuna vizuri kunasaidia kweli au ni maneno ya wazazi tu?

Kunasaidia. Jaribu hivi leo: chukua chakula chochote cha wanga kisicho na sukari, kitafune bila kumeza kwa dakika moja hivi. Utaanza kusikia utamu ulimini. Huo utamu hakuna aliyeuweka, ni kimeng'enya kilichopo kwenye mate kinakata wanga kuwa sukari, yaani usagaji umeshaanza na chakula bado kiko mdomoni. Kwa siku unatoa mate karibu lita moja au zaidi.

Asidi ya tumboni ni kali hivo, kwanini haituunguzi sisi wenyewe?

Ni kali kweli, pH yake (kipimo cha ukali wa asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) ni kama 1.5 hadi 3.5. Ukuta wa mfuko umepakwa ute mzito wenye bikaboneti ndani yake, asidi ikiugusa inapoa kabla ya kufika kwenye nyama, na seli za juu za ukuta zinabadilishwa kila baada ya siku chache. Ulinzi huo ukichoka ndo kidonda kinapoanza.

Jinsi binadamu tulivyokuja kuyajua haya kuna kisa kimoja lazima nikisimulie. Mwaka 1822 huko Marekani kijana anayeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya, akapona, lakini tundu lilibaki wazi kutoka ubavuni mpaka ndani ya mfuko wa chakula. Daktari wake, William Beaumont, akawa anafunga vipande vya chakula kwenye uzi wa hariri, anavishusha kwenye lile tundu, anasubiri saa moja, anavuta kuangalia kimeyeyuka kiasi gani, anarudisha tena. Alitoa kitabu cha majaribio hayo mwaka 1833. Alithibitisha kwamba tumbo halisagi kwa kuponda tu, lina maji yanayoyeyusha, hata ukiyachota ukayaweka kwenye chupa yenye joto yanaendelea kuyeyusha nyama. Mimi kila nikisoma hiki kisa namfikiria St. Martin, aliyeishi miaka mingi hivo hivo na mwili wake umegeuzwa dirisha.

Kiungulia na vidonda vya tumbo si ni kitu kimoja?

Vinachanganywa sana lakini sio. Kiungulia ni asidi kupanda juu. Mwisho wa umio kuna msuli wa mviringo unaofunguka kupitisha chakula na kujifunga, ukilegea asidi inarudi kwenye umio ambao hauna ule ute mzito, inauunguza. Kidonda ni jeraha bichi kabisa kwenye ukuta wa mfuko wenyewe au mwanzo wa utumbo mwembamba.

Na vidonda haviletwi na mawazo na pilipili kama tulivyoambiwa miaka yote. Visababishi viwili vikubwa ni bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu za aina ya aspirini, ibuprofeni, diklofenaki. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia ndo waliomgundua huyo bakteria, watu hawakuwaamini, mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria wenyewe ukuta wa mfuko wake wa chakula ukavimba, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Maana yake kwako ni kwamba kidonda cha bakteria kinatibika kwa antibayotiki kikapona, sio lazima uishi nacho ukinywa dawa za kutuliza asidi maisha yote. Ukiona choo cheusi kama lami au unatapika damu, hiyo ni dharura.

Ini, nyongo na kongosho vinaingiaje kwenye usagaji?

Vyote vitatu havipitishi chakula, vinamwaga maji yake kwenye kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba. Ini, kama kilo 1.5, linatengeneza nyongo. Kifuko cha nyongo hakitengenezi chochote, kinaitunza tu na kuibana mafuta yakifika, ndo maana mtu akitolewa hicho kifuko bado anaishi na bado ana nyongo. Kazi ya nyongo ni kuvunja mafuta kuwa matone madogo, kama sabuni kwenye sufuria lenye mafuta. Kongosho linaleta vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta, tena linaleta na bikaboneti ya kuipoza ile asidi. Hapo hapo kongosho linatoa insulini, ila hiyo inaingia kwenye damu.

Rangi ya kahawia ya choo inatokana na nyongo. Choo kikiwa cheupe kama udongo, mkojo mweusi, macho ya njano, nyongo haishuki au ini lina shida, usichelewe.

Virutubisho vinaingia mwilini wapi hasa?

Utumbo mwembamba, karibu vyote. Mfuko wa chakula watu wanaupa sifa sana lakini wenyewe unaandaa tu. Utumbo mwembamba ndani sio laini kama bomba la plastiki, una mikunjo, juu ya mikunjo kuna vinyweleo vingi kama taulo, na kila kinyweleo seli zake zina vinyweleo vidogo zaidi. Sasa hilo taulo likisinyaa kwa ugonjwa, mtu anakula vizuri na bado anakonda.

Ni lazima nipate choo kila siku?

Sio lazima. Kuanzia mara 3 kwa siku mpaka mara 3 kwa wiki inahesabika kawaida, muhimu ni kiwe laini na usisukume kwa nguvu. Utumbo mpana kazi yake kubwa ni kunyonya maji, kwa hiyo ukibana haja kwa sababu uko bize, ule mzigo unaendelea kunyonywa maji humo humo, unakuwa mgumu, kesho ni shida zaidi. Kusukuma sana kunatunisha mishipa ya damu ya sehemu ya haja kubwa, ndo bawasiri hizo. Damu kwenye choo lakini usiseme tu ni bawasiri, kansa ya utumbo mpana nayo inatoa damu, ikaangaliwe.

"Ana kidole tumbo" maana yake nini, si kila mtu anacho?

Kila mtu anacho, labda awe ametolewa. Hii ni tabia yetu, kiungo hatukitaji mpaka kiugue, tukishakitaja jina linageuka ugonjwa: ana figo, ana kidole tumbo, ana tezi dume. Kidole tumbo ni kimfuko chembamba, kama sentimita 5 hadi 10, kinaning'inia pale utumbo mpana unapoanza. Kikiziba kinavimba.

Maumivu yake yanadanganya. Mara nyingi yanaanza kuzunguka kitovu, ya kawaida tu, mtu anadhani amekula vibaya, hamu ya kula inapotea, kichefuchefu, halafu baada ya masaa yanahamia chini kulia na kukaa hapo, ukitembea au ukikohoa yanachoma. Sababu ni kwamba neva za utumbo hazijui kuelekeza vizuri, zinasema tu "katikati", mpaka uvimbe ufike kwenye utando wa ukuta wa tumbo ambao neva zake zinajua pahala. Ukiona maumivu yamehama hivo, usinywe dawa ya kuharisha na usikande, nenda hospitali, kikipasuka usaha unamwagika tumboni.

Tumbo kunguruma ni minyoo?

Hapana, ni hewa na maji vinasukumwa ndani ya utumbo. Ukiwa na njaa unasikika zaidi kwa sababu kuko tupu, hakuna kitu cha kuzima sauti.

## Njia ya mkojo

Kiuno kinaniuma, ni figo?

Mara nyingi ni misuli au pingili za mgongo. Figo ziko juu kuliko watu wanavyodhani: nyuma, zimefichwa kidogo na mbavu za mwisho, moja kila upande wa uti wa mgongo, na ya kulia imeshuka kidogo kwa sababu ini limekaa juu yake. Kila moja ni kama ngumi yako, sentimita 10 hadi 12. Maumivu ya kiuno yanabadilika ukiinama au ukigeuka. Ya figo hayajali umekaaje, na mara nyingi yana wenzake, homa, kutapika, mkojo wa damu. Jiwe likiingia kwenye mrija wa kutoka figo kwenda kibofu maumivu yanakuja kwa mawimbi, yanashuka mpaka kinenani, na mtu hatulii, anagaagaa tu akitafuta mkao.

Ugonjwa sugu wa figo wenyewe kwa muda mrefu hauumi kabisa. Presha na sukari ndo vinavyoziua figo kimya kimya, kwa hiyo mwenye presha au sukari apime figo kwa damu na mkojo, asisubiri kiuno kimwambie.

Figo zinafanya nini zaidi ya kutoa mkojo?

Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni 1 vinavyoitwa nefroni. Kwa siku zinachuja kama lita 180 za maji kutoka kwenye damu. Mwilini huna damu hata lita 6, maana yake maji yale yale yanapita tena na tena. Kati ya hizo lita 180 mkojo unatoka lita 1 hadi 2 tu, zilizobaki zinarudishwa kwenye damu pamoja na sukari na chumvi zinazohitajika. Zinatupa kila kitu nje, halafu zinachagua cha kurudisha. Mimi naona hiyo ndo kazi ya ajabu kuliko zote mwilini.

Zaidi ya hapo zinasimamia presha, zinatoa homoni ya kuamrisha uboho utengeneze damu (ndo maana mgonjwa wa figo anaishiwa damu), na zinaiweka vitamini D katika hali inayotumika na mifupa.

Mtu anaweza kuishi na figo moja?

Ndiyo, na wengine wamezaliwa nayo moja hawajui. Iliyobaki inaongezeka ukubwa na kubeba kazi. Tarehe 23 Desemba 1954 huko Boston, Ronald Herrick alimpa pacha wake wa kufanana, Richard, figo moja, daktari Joseph Murray akiongoza upasuaji. Richard aliongezewa miaka 8. Ronald aliyebaki na moja aliishi mpaka mwaka 2010.

Kubana mkojo kunaharibu kibofu?

Kubana mara moja moja safarini hakuna shida. Kibofu cha mtu mzima kinabeba kama mililita 400 hadi 600, na hamu ya kwanza inakuja hakijafika hata nusu. Kuna misuli miwili ya kufunga: wa ndani unajiendesha wenyewe, wa nje ni wako wewe, na huo ndo mtoto anajifunza kuutawala. Kubana kama mazoea ya kila siku ndo kubaya, mkojo uliolala unawapa bakteria muda.

Kwanini UTI inawapata zaidi wanawake?

Ni sentimita tu. Mrija wa kutolea mkojo wa mwanamke una kama sentimita 4, wa mwanaume kama 20. Tena wa mwanamke unaishia karibu na mkundu, na bakteria anayeongoza kuleta UTI anaitwa E. koli, makazi yake ni utumbo mpana. Ndo maana tunasema kujifuta ni kutoka mbele kwenda nyuma. Sio alama ya uchafu wala umalaya, inaniuma sana wanawake wanavyoshutumiwa kwa hili. Kama kuna homa, kutetemeka na maumivu ya mgongoni, maambukizi yamepanda kwenye figo, hiyo sio ya kununulia vidonge tu.

## Uzazi, upande wa kiume

Tezi dume ni ugonjwa gani?

Sio ugonjwa, ni kiungo, kila mwanaume amezaliwa nacho. Iko chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo kama pete, kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji ya shahawa. Ikikua na umri, na kwa wengi inakua, inaubana ule mrija: mkojo unachelewa kuanza, unatoka kidogo kidogo, unaamka usiku mara tatu nne. Kukua kwa kawaida sio kansa, ila kansa ya tezi dume ipo, na mwanzoni inaweza isiwe na dalili yoyote, ndo sababu ya kuongea na daktari kuhusu vipimo ukifika umri wa miaka 50 hivi, au mapema kama kwenye ukoo imeshatokea.

Kwanini korodani ziko nje, na moja imeshuka kuliko nyingine?

Mbegu zinatengenezwa vizuri kwenye joto la chini kidogo kuliko la mwili, nyuzi 2 hivi pungufu. Kukiwa na baridi msuli unazivuta juu, kukiwa na joto zinaachiwa. Kushuka moja ni kawaida. Mtoto ambaye korodani haijashuka mpaka ana miezi 6 apelekwe kwa daktari.

Mbegu na shahawa si ni kitu kile kile?

Mbegu ni abiria, shahawa ni maji anayosafiria. Mbegu ni asilimia chache tu ya kinachotoka, mengine ni maji ya vifuko vya shahawa na tezi dume. Kwa hiyo huwezi kujua uwezo wa kuzalisha kwa kuangalia uzito au rangi, ni mpaka darubini. Mbegu moja inachukua karibu miezi 2 na nusu kutengenezwa na kukomaa, ndo maana homa kali ya leo inaweza kuonekana kwenye kipimo cha mwezi ujao.

Mkojo na shahawa vinapita njia moja, havichanganyiki?

Wakati wa kumwaga, ule msuli wa ndani wa kibofu (soma swali la kubana mkojo) unajifunga wenyewe. Kwa watu wenye sukari ya muda mrefu au waliofanyiwa oparesheni ya tezi dume unaweza usifunge, shahawa ikarudi kwenye kibofu, ikatoka baadaye na mkojo. Haina sumu, ila inaleta shida ya kupata mtoto.

Ngiri inapunguza nguvu za kiume?

Ngiri ni utumbo au mafuta ya tumboni kupenya kwenye sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo, mara nyingi kinenani, wakati mwingine unashuka mpaka kwenye pumbu. Kusimama kwa uume ni habari ya mishipa ya damu na neva, ngiri haikai huko. Mtu akiwa na tatizo la kusimamisha la muda mrefu, atafute kwenye presha, sukari na moyo kwanza. Ngiri hatari yake ni nyingine: ule utumbo ukinaswa, ukavimba, ukauma na haurudi ndani, unaweza kufa. Hiyo ni oparesheni siku hiyo hiyo.

## Uzazi, upande wa kike

Mwanamke ana matundu mangapi?

Matatu. Mbele kabisa, tundu dogo la mkojo, juu yake kidogo kuna kinembe. Katikati uke, njia ya hedhi, ya tendo na ya mtoto. Nyuma mkundu. Hili swali linaulizwa na wanawake wenyewe, tena waliokwishazaa, na hakuna aibu, hakuna aliyetufundisha. Ukijua haya unaelewa kwanini unaweza kukojoa huku umevaa tamponi.

Hedhi ni damu chafu inayotolewa mwilini?

Sio chafu. Kila mwezi ukuta wa ndani wa kizazi unanenepa kuandaa makazi, mimba isipoingia homoni zinashuka, ukuta unabanduka na kutoka. Damu yote ya hedhi moja ni kama mililita 30 hadi 80, inaonekana nyingi kwa sababu imechanganyika na ute na vipande vya ukuta. Ikiwa unalowesha pedi nzima kila saa kwa masaa mfululizo, hiyo imezidi.

Siku za hatari ni ya 14, sivyo?

Hapo wengi wamepata mimba wasizopanga. Yai linatoka kama siku 14 kabla ya hedhi INAYOKUJA, sio siku 14 baada ya iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 28 zinalingana, mwenye 35 yai lake linatoka kama siku ya 21. Mzunguko wa kawaida ni siku 21 hadi 35, na unaweza kubadilika mwezi kwa mwezi. Yai linaishi kama saa 12 hadi 24, lakini mbegu zinaweza kusubiri ndani mpaka siku 5, kwa hiyo tendo la Jumatatu linaweza kutungisha mimba Ijumaa.

Kizinda ndo kipimo cha ubikira?

Hapana. Ni utando laini pembezoni mwa mlango wa uke, mara nyingi una uwazi tayari, la sivyo hedhi ingetoka wapi. Kuna wanaozaliwa nao mdogo sana, kuna ambao hawatoki damu kabisa mara ya kwanza. Hakuna daktari anayeweza kuangalia akajua.

Mama ndo anasababisha mtoto wa kike?

Yai lina kromosomu (kifurushi cha vinasaba) X siku zote. Mbegu ina X, mtoto anakuwa wa kike, au Y, anakuwa wa kiume. Anayeleta tofauti ni mbegu ya baba, na baba naye hachagui.

## Pale mifumo inapogusana

Kwanini mjamzito anakojoa kila saa na anapata kiungulia?

Kizazi ni jirani wa kibofu, kikikua kinakikalia. Tena damu imeongezeka, figo zinachuja zaidi. Kiungulia kinaletwa na homoni ya projesteroni inayolegeza ule msuli wa umio niliousema juu, na baadaye kizazi kinausukuma mfuko wa chakula. Kizazi kisicho na mimba kina uzito wa kama gramu 60, mwisho wa mimba chenyewe bila mtoto kinakaribia kilo 1.

Nikifunga kizazi, mayai na mbegu vinaenda wapi?

Vinanyonywa na mwili, kama seli nyingine zinazokufa kila siku. Mwanamke aliyefunga mirija anaendelea kupata hedhi kwa sababu ovari na kizazi havijaguswa. Mwanaume aliyefunga anaendelea kumwaga kama kawaida (rudi swali la mbegu na shahawa), ila asubiri kama miezi 3 na apimwe, mbegu za zamani bado ziko njiani.

Maumivu ya chini upande mmoja, nitajuaje ni kidole tumbo au mambo ya uzazi?

Wewe peke yako hutajua, hata daktari anahitaji vipimo. Kwa mwanamke aliyekosa hedhi, kipimo cha mimba ni cha lazima, maana mimba inaweza kutunga kwenye mrija badala ya kizazi, na mrija hauna nafasi. Maumivu upande mmoja, damu kidogo ukeni, kizunguzungu, au bega kuuma bila sababu (damu iliyomwagika tumboni inachokoza neva inayofika begani): hiyo ni kukimbia, sio kutembea.

Mtoto wa kiume analia tumbo, tumbo lenyewe halina kitu. Inaweza kuwa nini?

Angalia korodani. Korodani inaning'inia kwenye kamba yenye mishipa ya damu, na kamba hiyo inaweza kujisokota ghafla, hasa kwa wavulana wa miaka 12 hadi 18, hata akiwa amelala. Damu inakatika. Neva za korodani zilianza safari tumboni kabla mtoto hajazaliwa, kwa hiyo maumivu yanasikika chini ya tumbo na anatapika. Halafu kuna aibu: kijana wa miaka 13 hataki kumwambia mama ni korodani, anasema tumbo. Anapewa dawa ya tumbo, analazwa, asubuhi ndo anaongea.

Kuna kama masaa 6 ya kuiokoa tangu kuanza kuuma, baada ya hapo nafasi inapungua kwa kasi. Muulize moja kwa moja, kwa jina lake, korodani inauma? Akisema ndiyo, au akikaa kimya akaangalia pembeni, mpeleke usiku huo huo.